Mwache mtoto aunde mwenyewe, hata ikipinda

Jumapili, saa mbili usiku. Simu ya mama inalia: mwalimu ametuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa Gredi ya 3. Kesho asubuhi kila mwanafunzi aje na kazi ya sanaa iliyoundwa kwa maumbo. Iwe mchemraba, silinda, pia, chochote, mradi kisimame. Nyumba nzima inaingia mbio. Mama anatuma mtu dukani akanunue karatasi za manila kabla hapajafungwa. Baba anasema mambo ya mtaala huu mpya yeye hayajui. Na wewe uliyemaliza Kidato cha Nne juzi unaitwa kutoka chumbani: "Wewe una mkono mzuri, hebu mfanyie mtoto."

Unakata, unabandika, unapaka rangi. Kufikia saa nne na nusu kazi inang'aa kama ya maonyesho. Mwenye kazi alilala saa mbili na nusu. Kesho yake anaibeba kwa mikono miwili kama yai, mwalimu anaipiga picha, na anapewa alama za juu kabisa. Hebu tuambiane ukweli: hapo nani amesoma?

Ukurasa huu una msimamo kuhusu jambo hili, na tunauelekeza kwako kijana kabla ya kumfikia mama au mwalimu. Wewe ndiye unayeitwa. Wewe ndiye kaka, dada, shangazi mdogo au anko anayeaminiwa na makasi. Siku utakayokataa kumfanyia mtoto, ukakaa naye sakafuni afanye mwenyewe, utakuwa umemfungulia somo ambalo ubao hauwezi kulifundisha. Tena kwa bei nafuu. Manake ile manila, gundi, selotepu na rangi za usiku zilitoka kwenye hela ya mboga ya kesho, na boksi la sabuni lililotupwa nyuma ya duka lingetosha.

Anza na lugha yenyewe, kwa sababu Kiswahili kimeshakurahisishia kazi. Kitabu cha hisabati kinasema umbo lenye kitako cha duara na ncha moja linaitwa pia. Mwulize babu pia ni nini. Atakuambia ni kile kichezeo cha mti kilichochongoka chini, walichokizungusha kwa kamba kikasimama kwa ncha yake, hadi kikachoka na kulala ubavu. Tufe je? Fungua habari za riadha: kuna wanaorusha tufe, ule mpira wa chuma unaowatoa jasho. Na ukienda duka la Mombasa ukaomba mche wa sabuni, muuzaji hakuulizi uko darasa gani la jiometri. Anakupa mche. Mchemraba nao ni mche ambao kila uso wake ni mraba.

Majina haya ni ya vitu vinavyoshikika. Sisi tunayapeleka ubaoni, tunayachora kwa chaki yakiwa bapa, kisha tunamtaka mtoto ayakariri. Ubaoni tufe na duara ni kitu kimoja. Mtoto hatajua tofauti yake vizuri mpaka ashike chungwa kwa mkono mmoja na sahani kwa mwingine.

Mtu aliyeliona hili mapema ni mwalimu Mjerumani, Friedrich Fröbel. Mwaka 1837 alifungua mahali pa kufundishia watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, na ni yeye aliyekuja kupaita kindergarten, yaani bustani ya watoto, neno ambalo hadi leo limeandikwa kwenye vibao vya chekechea kibao mitaani kwetu. Fröbel aliwapa watoto vifaa alivyoviita zawadi. Zawadi ya kwanza ilikuwa mipira midogo laini ya rangi mbalimbali. Ya pili ilikuwa vipande vitatu vya mti: tufe, silinda na mchemraba. Tufe hubingirika popote ulisukumapo. Mchemraba hukaa pale ulipouweka. Silinda iko katikati ya hao wawili: ukiisimamisha inatulia, ukiilaza inaondoka zake. Mtoto wa miaka minne anaweza kuligundua hilo bila kuambiwa neno.

Fröbel alifariki mwaka 1852 na kuzikwa Schweina. Mnara wa kaburi lake ni mchemraba chini, silinda juu yake, na tufe kileleni. Vitu vitatu tu, vimepangwa. Ni mfano mzuri wa sanamu ya maumbo kuliko nyingi zilizojaa mapambo. Mmoja wa waliochezea zawadi hizo utotoni ni Frank Lloyd Wright, aliyekuja kuwa miongoni mwa wasanifu majengo wakubwa wa Marekani. Mama yake alizigundua kwenye maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, naye akiwa mtu mzima aliandika kwamba vidole vyake bado vilivikumbuka vile vipande vya mti.

Zawadi hizo unazo jikoni. Kata kiazi kiwe mchemraba. Karoti nene ukiikata ncha zote mbili inakaribia silinda. Ndimu ni tufe la kutosha. Vitie kwenye mfuko wa nguo, mwambie mtoto aingize mkono bila kuchungulia, ataje anachokishika na aeleze amejuaje. Usikimbilie majibu. "Hiki kina kona" ni jibu la kisayansi kabisa. Na kama kuna mtoto asiyeona nyumbani au mtaani, mwite kwenye mchezo huu, manake hapa hatasubiri kuelezewa picha na mtu. Huenda akawashinda wote.

Mkishamaliza, toboa kile kiazi cha mchemraba kutoka katikati ya uso mmoja hadi katikati ya uso wa pili, pitisha uzi wenye fundo, kisha ukizungushe kwa kasi. Macho yenu yataona silinda. Ni mchezo wa Fröbel huo, na watoto huurudia hadi kiazi kikatike.

Tuje kwenye karatasi. Mwalimu bora wa pia nchini Kenya ni muuza njugu wa steji. Anachukua kipande cha karatasi, anakizungusha vidoleni, anakunja ncha, na chombo kimepatikana kabla hujatoa sarafu. Mfundishe mtoto vivyo hivyo. Achore duara kwa kufuata ukingo wa sufuria, alikate katikati, kisha aikunje nusu moja hadi kingo mbili zilizonyooka zikutane: hiyo ni pia. Achukue duara lingine, akate robo yake. Ile robo inatoa pia nyembamba kama kofia ya bathdei. Robo tatu zilizobaki zinatoa pia pana, iliyolala, kama paa.

Paa hilo aliweke juu ya silinda ya katoni na atakuwa amejenga nyumba ya msonge. Lakini jaribio la kwanza paa litakuwa dogo kuliko ukuta, au litameza nyumba nzima. Usiseme kitu! Kaa kimya, shika chai yako. Atalitazama, atalivua, atakata lingine kubwa zaidi. Hapo ndipo hesabu inapoanza, na ukiingilia kati utakuwa umemnyang'anya.

Fundi wa Kamukunji hufanya hivyo hivyo kwa bati. Analala nalo bapa sakafuni, anachora tao, anakata, anakunja, anagonga kwa nyundo, na kumbe limekuwa bomba, faneli au jiko. Litazame lile jiko la mkaa lenye kiuno. Ni pia mbili zilizokatwa ncha na kugusanishwa hapo kiunoni. Siku ukipita Kamukunji na mtoto, mpe dakika 10 asimame aangalie bati bapa likigeuka kuwa kitu kinachobeba sufuria. Kelele zitakuumiza masikio, lakini hutoi kiingilio.

Na ukitaka mfano mkubwa, toa noti mfukoni. Tangu noti mpya zilipotolewa mwaka 2019, jengo la KICC limo kwenye kila moja, kuanzia ya Sh50 hadi ya Sh1,000. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1973, likasanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na Mkenya David Mutiso. Mnara wake una orofa 28. Ukifika penyewe mwonyeshe mtoto: mnara mviringo, juu yake kitu kama sahani, na pembeni ule ukumbi uliochongoka kama pia. Nyumbani anaweza kuliunda kwa kopo la rangi tupu, kisahani cha chai na karatasi aliyoikunja mwenyewe. Halitafanana sana. Haidhuru.

Pembetatu inahitaji muda wake, manake ndiyo umbo linalodharauliwa na ndilo linaloshikilia dunia ya mafundi. Loweka njegere kavu usiku kucha. Asubuhi mpe mtoto hizo njegere na pakiti ya vijiti vya kuchokolea meno. Njegere ni kiungo, kijiti ni mfupa. Mwambie aunde mraba: vijiti vinne, njegere nne. Ausukume kwa kidole. Utalala kama mlevi. Sasa aunde pembetatu: vijiti vitatu, njegere tatu. Ausukume tena. Hautoki. Atakuuliza kwa nini, na jibu zuri si maelezo, ni kumwambia aongeze kijiti kimoja cha kukatiza ule mraba kutoka kona hadi kona. Kitakuwa kifupi kuliko inavyotakiwa. Mwache ahangaike nacho, atafute kirefu.

Buckminster Fuller, yule Mmarekani aliyesifika kwa makuba yaliyoundwa kwa pembetatu tupu, alisimulia kwamba yeye alianzia hapo hapo, chekechea, kwa njegere na vijiti. Alikuwa haoni vizuri. Wenzake waliokuwa wakiona nyumba kila siku walijenga masanduku. Yeye kwa kupapasa alifuata kilichokataa kuyumba, akajikuta na pembetatu. Baada ya mchezo huu mtoto hatapita chini ya paa la kanisa au la darasa bila kuinua macho kwenye kenchi. Ataziona pembetatu kwenye minara ya nyaya za stima, na kwenye fremu ya baiskeli ya Black Mamba iliyobeba magunia mawili na mtu juu.

Hadi hapo tumekuwa tukiongeza: kipande juu ya kipande. Kuna sanaa ya kupunguza pia, na hii ndiyo kongwe kwetu. Mpe mtoto kipande cha sabuni ya kufulia na mpini wa kijiko. Kisu hapana, kama hajafika umri wa kuaminiwa nacho. Ana mche mkononi. Kazi yake ni kutafuta umbo lingine ndani ya huo mche kwa kuondoa yasiyohitajika. Akwangue kona nne na silinda itaanza kujitokeza. Aendelee kwenye ncha na atapata yai. Makombo yote yakusanywe kwenye bakuli, jioni yafue soksi, na hakuna atakayesema sanaa ni kupoteza sabuni.

Wachongaji wa Tabaka kule Kisii wanaishi kwa kanuni hiyo. Jiwe linatoka machimboni likiwa bonge, linapunguzwa kwa panga na patasi na kisu, kisha linasuguliwa kwa msasa na maji hadi liwe nyororo kama shavu la mtoto. Kutoka sehemu hizo ndiko alikotoka Elkana Ong'esa, ambaye kazi yake ya jiwe la Kisii iko katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Ukiiangalia sanaa ya huko Kisii kwa makini, nyingi haina pua wala vidole. Ni tao linalokumbatia tao. Watu wawili wanakumbatiana na wewe unaona matufe mawili na mkunjo mmoja, lakini moyo wako unajua ni mama na mwana.

Udongo uko kati ya hizo mbili, unaongeza na kupunguza. Wa kichuguu ni mzuri. Ule mweusi wa Embakasi utapasuka ukikauka, kwa hivyo uchanganye na mchanga kidogo. Unga na chumvi hufaa pia, ila kwa bei ya unga siku hizi sisi hatukushauri. Mtoto aviringishe udongo uwe kamba ndefu, ambayo ni silinda nyembamba, aizungushe juu kwa juu hadi ukuta uinuke. Ndivyo akina mama wafinyanzi wanavyoinua vyungu. Na ndivyo anavyofanya Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye vyungu vyake, vinavyoinuliwa kwa mkono bila gurudumu, vinahifadhiwa katika makavazi makubwa ya Ulaya na Marekani.

Sasa tuzungumzie neno linaloleta ubishi: sanamu. Ukilitaja Nairobi, mtu anafikiria Dedan Kimathi wa shaba aliyesimama kwenye barabara yenye jina lake tangu 2007. Sanamu ni mtu, tena mtu mkubwa, tena marehemu. Ndiyo maana mtoto akiambiwa aunde sanamu anakata tamaa kabla ya kuanza: hawezi kuunda pua. Mwondolee mzigo huo. Mwambie masanduku matatu yaliyopangwa kwa namna inayomfurahisha ni sanamu tosha.

Kuna pia nyumba ambako sanamu ya mtu au mnyama haikubaliki kwa sababu za dini. Usiende kubishana na mzazi wa mtu. Sanaa ya maumbo inaingia nyumba hizo bila kubisha hodi, na huko Pwani imekuwamo kwa karne nyingi. Tazama milango ya Lamu: maua yaliyorudiwarudiwa, misururu, duara ndani ya duara, hakuna uso hata mmoja, na hakuna anayethubutu kusema fundi yule hakuwa msanii.

Tahadhari moja ya Pwani. Mtoto akitembelea makavazi ataona vigango vya Wamijikenda, vile vigongo vyembamba vyenye kichwa cha duara na kiwiliwili kilichochongwa pembetatu nyingi ndogo. Vinapendeza, na mtu atataka kumwambia mtoto aige. Usimwambie. Kigango husimamishwa kwa ajili ya marehemu, ni mwanafamilia, na vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo hadi makavazi kadhaa ya Marekani yakaanza kuvirudisha. Mweleze mtoto hadithi hiyo, mwache ahesabu zile pembetatu kwa macho, na mwendelee na safari. Si kila umbo ni la kuchezea, na mtoto anaelewa hilo vizuri kuliko unavyodhani.

Ukimpenda mtoto mwenye subira, mpe vikombe tupu vya maziwa lala, vile vipana juu na vyembamba chini. Avibandike mdomo kwa mdomo, kitako kwa kitako, viwili viwili, kuelekea juu. Kitatokea kitu kinachotanuka na kubana, kutanuka na kubana. Huko Târgu Jiu, Romania, nguzo ya aina hiyo imesimama tangu 1938, urefu wake karibu mita 30, kazi ya Constantin Brâncuși. Aliiita nguzo isiyo na mwisho. Umbo moja tu, likirudiwa. Mtoto wako ataishiwa na vikombe kabla ya kuishiwa na hamu.

Brâncuși alikuwa na msaidizi kijana jijini Paris mwaka 1927, Mmarekani mwenye baba Mjapani, Isamu Noguchi. Huyu baadaye aliweka mbele ya jengo moja la New York, mwaka 1968, sanamu nyekundu inayosimama kwa kona moja na yenye tundu la mviringo lililotoboa katikati. Inaitwa Red Cube. Mwonyeshe mtoto picha yake na umwulize kama kweli ni mchemraba. Si mchemraba. Imevutwa kwenda juu, hakuna uso hata mmoja ulio mraba. Watu wazima wengi hawaligundui hilo. Mtoto aliyekata viazi wiki mbili atagundua.

Lakini sababu ya kumtaja Noguchi hapa ni nyingine. Alitaka sanamu zipandwe na watoto, si kutazamwa kwa mbali na kuzungushiwa kamba. Alibuni viwanja vya michezo ambavyo kila kifaa ni umbo la kuteleza, kujificha ndani yake au kupanda. Muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1988 alichora ramani ya bustani ya Moerenuma, nje kidogo ya jiji la Sapporo, Japani: vilima vya piramidi, ngazi, pembetatu za kupenya. Ilikamilika mwaka 2005. Kabla ya hapo palikuwa jaa la taka.

Soma sentensi hiyo tena ukiwa unaishi karibu na Dandora.

Hatuombi serikali za kaunti zijenge Moerenuma kesho. Tunaomba kitu kidogo: pale zinapokarabati viwanja vya mtaa, zisinunue tu bembea moja ya kuvunjika baada ya miezi miwili. Zimpe fundi wa jua kali na msanii wa mtaa huo kazi ya kuweka silinda ya saruji ya kupenya, mchemraba wa kupanda, mteremko wa pembetatu. Makaravati ya saruji yanayobaki barabara zikijengwa tayari ni silinda, na watoto wameshayageuza mchezo bila ruhusa ya mtu. Yatengenezewe kingo, yapakwe rangi, basi.

Kwa walimu tuna ombi gumu zaidi. Kubalini kazi mbaya. Mwalimu akipamba ukuta kwa zile kazi tano zinazong'aa, ametangaza kwa wazazi wote kwamba anayetafutwa ni mzazi mwenye gundi nzuri, na Jumapili ijayo mashindano yataendelea. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 hana muda wa kumsimamia kila mmoja, hilo tunalijua na hatumlaumu. Ila anaweza kuomba kazi ifanyiwe darasani kwa maboksi yaliyoletwa wiki nzima, vikundi vya watoto watano watano, na anaweza kutuma ujumbe Jumatano badala ya Jumapili usiku. Hata hilo tu litaokoa nyumba nyingi.

Kwa nini tunalikazania hivi? Kwa sababu mtoto huyu wa Gredi ya 3 atafika Gredi ya 9 na ataulizwa achague mkondo wa sekondari ya juu: STEM, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo. Atachagua vipi kama mikono yake haijawahi kujaribiwa? Anayeona maumbo akilini anaweza kuwa mchongaji, lakini pia fundi wa kuchomelea, mshonaji, daktari wa mifupa, msanifu, dereva wa trela anayerudi nyuma kwenye kichochoro cha Gikomba. Na wapo watoto ambao hawajawahi kusifiwa darasani kwa kusoma wala kuandika, ambao siku ya kwanza wakipewa udongo, darasa zima linasogea kuangalia. Mtoto kama huyo akifanyiwa kazi na kaka yake, siku hiyo haitafika.

Neno kuhusu wasichana. Mara nyingi gari la waya lenye magurudumu ya slipa ni la mvulana, na msichana anaitwa jikoni akiwa bado hajamaliza mnara wake. Wewe uliye nyumbani unaweza kuosha hivyo vyombo leo.

Ukiwa naye sakafuni, kazi yako ni chache. Kata yale magumu tu, kama katoni nene, na ukate pale alipochora yeye, hata kama mstari umepinda. Pika gundi ya unga kijiko kimoja kwa maji kidogo, iache ipoe. Usimwulize "Hii ni nini?", manake atabuni jibu la kukufurahisha: "Ni nyumba." Mwulize "Umeifanya vipi isianguke?" au "Huku nyuma kuna nini?" Sanamu ina nyuma, tofauti na picha, na watoto wengi wanasahau hadi uizungushe. Ikianguka, ianguke. Usiidake. Asubuhi utamkuta ameanza tena kwa kitako kipana zaidi, bila wewe kumwambia lolote kuhusu uzito.

Na ujumbe wa Jumapili usiku ukija, kama ulivyo desturi, mwamshe kama hajalala fofofo, au muamke naye saa 11 alfajiri. Boksi moja, kopo moja, karatasi ya kukunja pia. Nusu saa inatosha. Kisha geuza kazi, na kwa kalamu uandike kitakoni jina lake, umri wake, na kwamba alikata na kubandika mwenyewe. Itafika shuleni imepinda, selotepu imeonekana, rangi imeishia nusu. Mwalimu akisoma huko chini atajua pa kuanzia.